Fundi wa kompyuta ya gari: Tumwamini nani kwa kazi tusiyoiona?

Kwa muda wa miaka kumi na moja sasa nasomesha Elimu ya Dini ya Kiislamu kwa vijana wa sekondari hapa Dar es Salaam. Kila mwaka tunafika kwenye mada ya amana, na kila mwaka naandika ubaoni fasili ile ile, nataja dalili zile zile, na mtihani ukija nasahihisha majibu na kutoa maksi. Nilijihesabu kuwa ni mtu anayeijua mada hiyo vizuri. Mwaka jana, chini ya mwembe katika gereji moja maeneo ya Ilala, fundi mmoja wa magari aliniuliza swali la maneno manne, nikashindwa kulijibu.

Naomba wasomaji wanivumilie nisimulie kisa chenyewe, maana bila ya kisa hicho nitakuwa nahubiri tu, na mahubiri mnayapata Ijumaa.

Shangazi yangu ni mjane. Mumewe alipofariki, sehemu ya mafao aliyoyaacha ilinunua Toyota Hilux ya mwaka 2008, dizeli, injini ya lita 3 yenye turbo. Shangazi hajui kuendesha wala hajui bei ya tairi. Akanikabidhi mimi nilisimamie. Gari hubeba mizigo ya wafanyabiashara kutoka Kariakoo kwenda Morogoro, Iringa na Mbeya, dereva analipwa mshahara wake, sevisi inafanyika, na kinachobaki ni cha shangazi. Kwa kuwa mwisho wa wiki gari hulala kwangu, nami huliendesha, na baada ya mwaka mmoja au miwili hivi ulimi ulianza kuteleza. Nikawa nasema "gari langu."

Sasa, katika barabara zetu kuna maneno. Unasimama kwenye taa, kijana anayemiliki gari kama lako anakupita kama umeegesha, na ukimkuta mbele anakwambia amefanya rimapu. Kwa wasiolijua jambo hili, nieleze kidogo. Injini ya gari la kisasa haiongozwi na kebo na skrubu peke yake. Ina kompyuta, mafundi wetu huiita kontroli boksi, na ndani yake mna majedwali ya namba. Namba hizo ndizo zinazoamua nozeli zimwage mafuta kiasi gani na wakati gani, turbo isukume hewa kwa shinikizo lipi, na mwisho wa nguvu uwe wapi. Anayefanya rimapu aghalabu huchomeka waya kwenye soketi iliyo chini ya dashibodi, akayatoa yale majedwali, akabadilisha namba, kisha akayarudisha. Hakuna nati inayofunguliwa. Hakuna spea inayoingia wala kutoka. Gari linaondoka na sura ile ile, na mwenye gari hana chochote mkononi cha kuonesha zaidi ya neno la fundi.

Tusiseme kuwa ni uongo mtupu. Kwa dizeli yenye turbo, ongezeko la nguvu la asilimia 20 hadi 30 ni jambo la kawaida. Kwa injini ya petroli isiyo na turbo, kama za magari madogo mengi yanayojaa mjini kwetu, ongezeko ni asilimia chache tu na dereva huenda asilihisi kabisa (fundi anayekuahidi miujiza kwenye gari la aina hiyo umeshamjua, usipoteze nauli). Na nguvu hiyo haitoki mbinguni. Kiwanda hutengeneza injini ile ile kwa ajili ya nchi za barafu na nchi za jua kali, kwa mafuta safi na mafuta machafu, kwa mwenye kufanya sevisi kwa wakati na kwa asiyefanya. Kwa sababu hiyo huacha akiba. Kufanya rimapu ni kula sehemu ya ile akiba. Kula akiba si haramu, lakini inategemea ni akiba ya nani, na imebaki kiasi gani.

Nilimchaguaje fundi? Hapa ndipo penye somo langu la kwanza. Nilimchagua msikitini. Ni kijana mwenye adabu, hakosi swala ya Alfajiri, mara nyingi nimemkuta safu ya mbele, na sauti yake katika kusoma Qur'an inapendeza. Nilipomweleza haja yangu aliniambia niende naye siku hiyo hiyo baada ya Adhuhuri.

Akaweka kompyuta yake juu ya boneti. "Ustadhi, hii gari imefungwa pumzi tu," akaniambia. "Tukiifungua utaipenda."

"Haitapata madhara?"

"Insha'Allah haipati. Wenzetu huko Ulaya wanafanya kila siku."

Nikaridhika. Leo nikikumbuka, naona kwamba ile insha'Allah ilikaa mahali ambapo kipimo kilitakiwa kikae. Hakuniuliza gari linabeba nini. Hakuniuliza limetembea kilomita ngapi. Hakusoma kwanza kama kompyuta ina kumbukumbu ya hitilafu, hakupima nozeli, hakuweka chaja kwenye betri, ingawa umeme ukishuka katikati ya kazi ile, kompyuta yenyewe inaweza kufa. Dakika ishirini na tano zilitosha. Nikamlipa laki tano, nikamwombea dua, nikaondoka nikiwa na furaha ambayo, nakiri, haikuwa ya mtu wa umri wangu.

Kwa wiki mbili gari lilikuwa farasi. Dereva akaniambia linatoa moshi mweusi kila anapokanyaga mafuta. Nikamjibu kwamba hiyo ndiyo nguvu yenyewe. Wiki ya tatu akanipigia simu akiwa mlima wa Kitonga, amepakia mzigo kwenda Iringa: gari linagonga, limeishiwa nguvu, moshi umekuwa wa rangi nyingine. Lilipofunguliwa ilionekana pistoni moja imepasuka. Nozeli mbili zilikuwa zinavuja tangu zamani, na injini ilikuwa inavumilia. Tulipoiongezea mafuta juu ya mafuta yaliyokuwa yakivuja, ikashindwa. Gharama zote, pamoja na kulivuta hadi Dar es Salaam, zilifika shilingi 4,300,000.

Nikamrudia yule kijana, si kwa ugomvi. Nilitaka anirudishie lile faili la asili la kiwandani. Akaniambia hakulitunza, flashi ilikuwa imejaa. Tena ikabainika kwamba namba zile hakuzibadilisha yeye. Alilituma faili kwa intaneti kwa mtu aliye nje ya nchi ambaye hajapata kumwona, yule akalichezea na kulirudisha, naye akalipakia kwenye gari. Huo ni utaratibu wa kawaida sana katika biashara hii, kwani wengi wanaojiita mafundi wa rimapu ni wapokeaji na wapelekaji tu. Nao si lazima uwe mbaya, maana huyo wa mbali anaweza kuwa bingwa. Lakini hakuliona gari langu. Hakusikia linavyonguruma. Na mimi sikuambiwa. Wanazuoni wa fiqhi wanapozungumzia uwakala wanaeleza kwamba aliyepewa kazi kwa kuaminiwa yeye hana ruhusa ya kumpa mwingine bila idhini ya aliyemkabidhi, isipokuwa kwa hali zinazojulikana. Mlango huo nimeusomesha mara nyingi. Sikudhani kama ungekuja kuniingilia kupitia soketi ya Hilux.

Niwe mwadilifu kwa huyu ndugu. Hakuniibia. Naamini hakukusudia kuniharibia, na ibada yake haina uhusiano na kosa hili, wala haipunguzi. Kosa lilikuwa langu, kwani nilichukua kipimo cha jambo moja nikakipimia jambo jingine. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar bin Khattab (ra) alijiwa na mtu anayemtolea ushahidi mwenzake kuwa ni mwema. Umar akataka kujua kama yeye ni jirani yake anayejua kuingia na kutoka kwake. Hapana. Kama amesafiri naye. Hapana. Kama wamewahi kupeana dinari na dirhamu. Hapana. Basi Umar akaona kwamba huyu hamjui anayemshuhudilia, huenda amemwona tu msikitini akiinama na kuinuka. Kisa hiki wengi wetu tunakipenda na kukisimulia kwenye mawaidha. Halafu tukitoka nje, tukitaka fundi, dalali au mtu wa kutununulia kiwanja, tunaulizana: huyo bwana anaswali?

Katika Suratul Qasas, aya ya 26, binti wa yule mzee wa Madyan anamshauri baba yake amwajiri Musa (as), na anataja sifa mbili za mtu bora wa kuajiriwa, kuwa ana nguvu na ni mwaminifu. Sifa ni mbili. Mufasirina wengi wameeleza kwamba nguvu hapa inakusanya uwezo wa kuifanya kazi yenyewe. Na yule binti hakukisia, kwani alikuwa amemwona Musa akiwanywesha wanyama wao kisimani bila ya kudai kitu. Alishuhudia kazi. Mimi nilishuhudia swala, nikaajiri kwa ajili ya injini.

Kuna tukio jingine ambalo kila mtoto wa madrasa analijua, ila hatulitazami kwa jicho hili. Mtume (saw) na Abubakar (ra) walipohama Makka, wamejificha katika pango la Thaur na Makuraishi wametangaza zawadi ya ngamia mia kwa atakayewapata, aliyekabidhiwa ngamia wao na kuwaongoza njia hadi Madina alikuwa Abdullah bin Urayqit, mtu ambaye wakati ule alikuwa bado yumo katika dini ya Makuraishi. Alikodiwa kwa sababu alizijua njia za jangwani na aliaminika. Angeweza kupata utajiri wa maisha kwa kusema neno moja. Baada ya siku tatu alifika pangoni na wale ngamia kama alivyoahidi. Na usiku wa kuhama, Ali bin Abi Talib (ra) aliachwa nyuma Makka kwa kazi ya kuwarudishia watu amana zao, na wengi wa watu hao ni wale wale waliotaka kumuua aliyewatunzia. Maana ya kwanza kabisa ya amana ni hiyo, kitu cha mtu umewekewa, unakirudisha kama kilivyokuwa. Faili la asili la kompyuta ya gari ni kitu cha mwenye gari. Fundi asiyeweza kukurudishia kitu hicho amepoteza amana kabla hata hatujafika kwenye suala la kama kazi yake ni nzuri au mbaya.

Basi tumpate wapi anayeaminika? Zamani wasimamizi wa masoko ya Waislamu walikutana na ugumu huu huu. Mwandishi ash-Shayzari, wa karne ya 12, aliandika kitabu cha kumwelekeza msimamizi wa soko kazi yake, fani moja baada ya nyingine, pamoja na hila za kila fani. Naye alikubali kwamba msimamizi hawezi kujua kila kazi. Kwa hiyo akaelekeza kwamba katika kila fani achaguliwe mjuzi kutoka miongoni mwa watu wa fani hiyo, mwema na mzoefu, anayezijua hila za wenzake. Ni fikra ya busara sana. Usimuulize mteja, maana mteja hajui. Hata mwenye gari linalokimbia leo, yuko katika wiki zake mbili za farasi.

Mimi nilimpata mjuzi wangu bila ya kumtafuta. Alikuwa ni yule fundi aliyeifungua injini ya shangazi na kuiunda upya. Nilimuuliza nani anaweza kuirudisha kompyuta katika hali ya kiwandani. Akanitajia mzee mmoja wa Ilala, kisha akaongeza neno ambalo ningelisikia mapema ningeokoa milioni nne. Akasema, "Magari ya yule mzee huwa hayaji hapa kwangu." Ndugu msomaji, ukitaka kumjua anayeongeza nguvu za injini, kawaulize wanaozifungua zikishakufa. Wao ndio wanaoosha maiti.

Yule mzee ni Mkristo, mtu wa Kilimanjaro, nywele zimeshakuwa nyeupe. Alilikagua gari karibu saa nzima kabla hajagusa kompyuta. Alisoma hitilafu, alipima mafuta yanayorudi kutoka kwenye nozeli, alilizungusha barabarani huku mashine yake ikiandika shinikizo la turbo na la mafuta. Akatafuta faili la kiwandani lenye namba ile ile ya toleo, akaweka chaja kwenye betri, akalirudisha. Kisha akanakili faili hilo kwenye flashi ndogo akanipa. "Hii ni yenu," akasema. "Hata siku ukinikasirikia ukaenda kwa mwingine, nenda nayo."

Na hapa naomba msinicheke. Baada ya hasara yote ile, nikiwa nimekaa kwenye benchi chini ya mwembe, nafsi ikanitikisa. Huyu ni fundi wa kweli, nikajiambia. Nozeli ni mpya, pistoni ni mpya. Nikamwambia, "Mzee wangu, kwa kuwa sasa injini ni nzima, huwezi kuongeza kidogo tu?"

Akafuta mikono yake kwa kitambaa. Akauliza:

"Gari hili ni lako?"

Nilikaa kimya. Akanisubiri. Nikasema ni la shangazi. Akauliza kama shangazi anajua ninachoomba. Nikasema hapana. Akauliza kama alijua ile mara ya kwanza. Nikanyamaza tena.

"Sasa mwalimu," akasema, taratibu kabisa, "namba za kuongeza mimi ninazo. Ila mwenye mali hajaniambia kitu."

Hakupandisha sauti, wala hakutaja dini yoyote. Aliniambia gari la mzigo lenye injini iliyotoka kuundwa haliongezwi kitu, litembee kwanza, na kama mwenyewe akitaka, aje naye au apige simu. Akachukua elfu sabini kwa kazi ya siku ile. Angeweza kuchukua laki tano kwa kunikubalia, nami ningemshukuru.

Tangu siku hiyo nimetafakari sana. Nilikwenda mjini kutafuta mtu mwaminifu, kumbe aliyepaswa kuulizwa habari za uaminifu nilikuwa mimi. Shangazi alinikabidhi gari la kubeba mizigo, si kiwanja cha kujipimia ujana. Nililibadilisha moyo wake kwa siri na kumficha dereva anayelala nalo barabarani, mtu ambaye angelipita bondeni siku ile hadithi ingekuwa nyingine. Yule kijana wa kwanza alikuwa tayari kunihudumia kwa sababu alimwona mteja mmoja tu mbele yake. Mzee aliona watu watatu ambao hawakuwepo pale: mwenye gari, dereva, na yeyote atakayekuja kulinunua baadaye. Nadhani tofauti baina ya fundi na fundi iko hapo zaidi kuliko kwenye mashine walizonazo.

Na tusidhani kwamba jina kubwa linatuepusha na balaa hili. Septemba 2015 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilitangaza kwamba kampuni ya Volkswagen iliweka kwenye kompyuta za magari yake ya dizeli programu iliyotambua kuwa gari liko kwenye kipimo. Gari likipimwa linatoa hewa safi, likitoka barabarani linatoa oksidi za naitrojeni hadi mara 40 ya kiwango kinachoruhusiwa. Magari yenye programu hiyo yalifika takriban milioni 11 duniani, na ndani ya siku chache mkuu wa kampuni alijiuzulu. Wahandisi wenye elimu zao, na namba zilizofichwa mahali pasipoonekana. Ukisoma mwanzo wa Suratul Mutaffifin, juu ya wanaojipimia kwa ukamilifu na kuwapunja wengine, usiishie kwa mchuuzi wa gengeni na kwa mnunuzi wa mazao anayemlazimisha mkulima ajaze lumbesa. Mizani ya leo iko pia ndani ya kiboksi cha bati chenye waya mia.

Lakini tazama namna walivyokamatwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia hawakuanza kwa kuifungua kompyuta. Walilichukua gari barabarani, wakafunga vipimo kwenye bomba la moshi, wakaendesha kama watu wanavyoendesha, wakalinganisha. Matokeo yao yalitoka mwaka 2014. Mtume (saw) alipopita sokoni akakuta rundo la nafaka, aliingiza mkono ndani, vidole vikakutana na majimaji, akamlaumu muuzaji kwa kutouweka ule wa mvua juu watu wauone. Alipima kwa mkono. Sisi tuna mikono pia. Fundi akikuahidi nguvu, mwambie aipime kabla na baada, kwa mashine ya daino kama ipo, na kama haipo, basi kwa kumbukumbu za barabarani, mlima ule ule, mzigo ule ule, na akupe maandishi. Anayekasirika kuombwa kipimo amekujibu tayari. Vipo pia vidude vya bei rahisi vya kuchomeka kwenye soketi vinavyodaiwa kuongeza nguvu, na baadhi vilipofunguliwa ndani hamkuwa na kitu zaidi ya taa za kumetameta. Laiti wanunuzi wangeingiza mkono.

Nisimalize bila kuwagusa wateja wenzangu, maana tunapenda sana kuwalaumu mafundi. Wapo wanaokwenda gereji kuomba kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi kitolewe, na kompyuta idanganywe isiwashe taa. Wanamtafuta fundi "mwaminifu" wa kuifanya kazi hiyo vizuri. Moshi wake unaingia kwenye vifua vya watoto wanaosubiri daladala, nami nawafundisha watoto hao, wanakuja darasani wakikohoa. Wapo wanaoongeza nguvu, wakaichosha injini na klachi, kisha wakarudisha faili la kiwandani siku ya kuuza na kumwambia mnunuzi kwamba gari halijawahi kuguswa. Hiyo ni aibu iliyofichwa, na hukumu ya kuficha aibu ya bidhaa haikubadilika kwa kuwa bidhaa ina kompyuta. Wapo wasioiambia kampuni ya bima kwamba gari walilolikatia si lile tena. Mtu wa namna hii akimpata fundi mwaminifu kweli, atafanya naye nini? Atakataliwa, ataondoka akimsema kuwa fundi huyo ni mwoga au hajui kazi.

Mimi nilikataliwa. Jioni ile ile nikaenda kwa shangazi Temeke. Hadi wakati huo nilikuwa nimemwambia gari liliharibika safarini tu, na kwamba fedha za matengenezo nimezikopa. Nikamweleza yote, tangu kijana wa kwenye taa hadi yule mzee. Alikuwa anachambua mchele, hakuacha. Nilipomaliza akakaa kidogo, kisha akauliza:

"Baba, gari lilikuwa na ubaya gani?"

Nikamwambia halikuwa na ubaya. Lilikuwa linakwenda taratibu kwenye milima.

"Dereva alilalamika?"

Nikasema hakulalamika.

Akaendelea na mchele wake. Fedha zile nilikuwa nimeziandika kama gharama za gari. Tukazitoa kwenye hesabu yake, tukaziweka kwenye yangu. Nampelekea laki mbili kila mwisho wa mwezi, na ile flashi anayo yeye, ndani ya sanduku lake la nguo.